Drili ya betri imechoka: ubadilishe seli, uhamie lithiamu, au ununue mpya?

Drili yenyewe bado nzima. Mota inazunguka, gia hazigugumii, kichwa kinashika biti bila kuteleza. Kilichokufa ni betri: inalala kwenye chaja usiku kucha, asubuhi inafunga skurubu chache za bawaba halafu inaanza kulegea. Mombasa drili za namna hii utazikuta kila mtaa, kwa mafundi wa pazia, wa aluminiamu, wa kabati za jikoni na wa kamera za ulinzi. Nyingi zilikuja na mtumba, zina kitako cha betri kinachochomekwa ndani ya mpini, na kampuni iliyozitengeneza iliacha zamani kutoa betri za aina hiyo.

Mwenye drili kama hii ana njia tano au sita mbele yake, na kila muuzaji atamwambia njia yake ndiyo bora. Msimamo wangu nautoa mapema. Kinachoamua si zile mAh zilizoandikwa ubavuni mwa seli, yaani kipimo cha chaji inayokaa ndani yake (mAh 1000 ni Ah 1). Ni ampea ambazo seli inaweza kutoa bila volti zake kuporomoka, pamoja na nafasi iliyomo ndani ya kitako.

Pima kabla ya kununua

Betri ya 12V ya NiCd (nikeli na kadimiamu), ile ya drili nyingi za zamani, ni seli 10 zilizofungwa mfululizo, kila moja 1.2V. Ya 14.4V ina seli 12, ya 18V ina 15. Ni nadra zife zote pamoja. Kwa kawaida moja au mbili ndizo zinazopata shoti kwa ndani, na kwa kuwa umeme wote unapita humo humo, betri nzima inaonekana imekufa. Fungua skurubu za kitako, ichaji, kisha bana triga biti ikiwa ndani ya ubao huku mwenzako akipima seli moja moja kwa mita. Seli nzima hubaki juu ya 1V hata ikibanwa. Mbovu huanguka karibu na sifuri, au mita ikaonyesha hasi kabisa, maana yake wenzake wanaigeuza kichwa chini.

Wako wanaoitoa hiyo mbovu na kuweka nyingine iliyonyofolewa kwenye betri ya drili tofauti. Inafanya kazi, kwa muda. Seli zisizolingana umri haziishi chaji kwa wakati mmoja, na iliyo dhaifu ndiyo inayogeuzwa tena na tena mpaka nayo ife. Drili ya nyumbani ya kukaza skurubu mara moja moja yaweza kutengenezwa hivyo, gharama ni ndogo. Drili inayokulisha, hapana.

Jaribu na mota pia. Drili ya 12V iunganishe kwa waya mnene na betri ya gari, kwa sekunde chache tu. Ikivuma sawasawa, shida ni betri. Ikitoa cheche nyingi kwenye matundu ya pembeni na harufu ya kuungua, acha kusoma makala haya na uende moja kwa moja kwenye sehemu ya kununua mpya.

Aina nne kwa betri ya 12V

NiMH ni ya nikeli na hidridi ya metali, Li-ion ni lithiamu ayoni ya kawaida, na LiFePO4 ni lithiamu ya fosfati ya chuma. 18650 ni jina la umbo la seli.

| | NiCd | NiMH | Li-ion (18650) | LiFePO4 (18650) |
|---|---|---|---|---|
| Seli mfululizo | 10 | 10 | 3 | 4 |
| Volti za kazi | 12 | 12 | 10.8 | 12.8 |
| Volti ikijaa | kama 14 | kama 14 | 12.6 | 14.6 |
| Ujazo wa kawaida | 1.3–2 Ah | 2–3 Ah | 2–3 Ah | 1.1–1.8 Ah |
| Uzito wa seli tupu | nusu kilo hivi | zaidi ya nusu kilo | gramu 140 hivi | gramu 160 hivi |
| Chaja ya zamani | ndiyo | kwa tahadhari | hapana kabisa | hapana kabisa |

Ukizidisha volti kwa Ah unapata Wh, yaani nishati halisi iliyomo, na hapo ndipo jambo la kushangaza linapojitokeza. NiCd ya 1.5 Ah ina Wh 18. Lithiamu ya seli 3 za 2.5 Ah ina Wh 27. NiMH ya 3 Ah ina Wh 36, imewashinda wote. Kwa hiyo anayekuambia lithiamu hukaa na chaji zaidi hajakuambia zaidi ya nini. Lithiamu inashinda kwa wepesi, na kwa kuwa unaweza kupanga seli 6 badala ya 3, mbili mbili sambamba, ukapata Wh 54 na bado betri ikawa nyepesi kuliko ile ya zamani.

NiCd na NiMH: njia ya kutogusa chaja

NiCd ni teknolojia ya Waldemar Jungner wa Uswidi, ya mwaka 1899, na imedumu kwa sababu haina deko. Unaweza kuiacha tupu kabatini miezi, kuikwamisha ndani ya mbao, kuichaji vibaya, na bado ikarudi kazini. Ubaya wake ni uzito, ujazo mdogo na kadimiamu, ambayo ni sumu. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye zana za mkono mwisho wa 2016, na tangu hapo seli mpya za NiCd zenye ubora zimekuwa adimu. Zinazouzwa zikiwa za bei ya chini zinaweza kuwa zimekaa stoo miaka mingi. Mimi leo siwezi kumshauri mtu kununua NiCd mpya, isipokuwa azipate kwa bei ya kutupa kutoka kwa mtu anayemwamini.

NiMH inaingia mahali pale pale, umbo lile lile la milimita 23 kwa 43, volti zile zile. Fundi anakata ukanda wa zamani, anapanga seli mpya kama zilivyokuwa, anafunga. Shida iko kwenye chaja. Chaja nyingi zilizokuja na drili za bei nafuu ni adapta tu isiyojua betri imejaa au la. Kitabu kinakuambia uchaji saa 3 au 5 halafu uchomoe mwenyewe. NiCd huvumilia ukisahau. NiMH hupata joto na kuharibika. Na kwetu stima ikikatika saa mbili usiku na kurudi saa sita, nani anakumbuka betri ilibakiza saa ngapi? Hata chaja yenye kipima muda, baadhi huanza kuhesabu upya umeme ukirudi, betri iliyokaribia kujaa ikapigwa duru nzima juu yake.

Jambo la pili ni kuvuja chaji. NiMH ya kawaida yaweza kupoteza robo hivi ya chaji yake kwa mwezi ikiwa imekaa tu, na joto huongeza kasi hiyo. Fundi anayetumia drili kila siku hatalitambua. Mtu anayeitoa kabatini kila baada ya sikukuu atalitambua vizuri sana.

Bado, NiMH ni chaguo la haki kwa mtu mmoja: mwenye drili ya 12V nzuri, chaja bora inayozima yenyewe, na asiyetaka kukata plastiki wala kugusa bodi za elektroniki.

Lithiamu: hapa ndipo kazi ilipo

Sony ndiyo iliyotoa sokoni betri ya kwanza ya lithiamu ayoni mwaka 1991, na leo karibu kila drili mpya inaitumia. Kuihamishia kwenye drili ya zamani kunawezekana na kunaleta raha, lakini kuna mambo manne yanayoangusha watu, na sitayapitia kwa usawa kwa sababu hayana uzito sawa.

La kwanza ni volti. Seli ya lithiamu ni 3.6V kikazi na 4.2V ikijaa. Seli 4 ni 14.4V, sawa kabisa na NiCd 12. Seli 5 ni 18V, sawa kabisa na NiCd 15. Drili za 14.4V na 18V ni kana kwamba zilisubiri lithiamu. Ya 12V ndiyo mkorofi: seli 3 ni 10.8V, drili inakuwa pole kidogo. Seli 4 zikijaa ni 16.8V, wakati betri ya zamani ikitoka kwenye chaja ilikuwa na 14 hivi. Vijana hupenda hii ya seli 4 kwa sababu drili inaruka mkononi. Hesabu yake ni hii: volti zikizidi kwa humusi moja, mkondo wa mota iliyokwama nao huzidi kwa humusi, na joto hupanda kwa mraba wa mkondo, yaani karibu nusu zaidi. Mota ndogo iliyotengenezewa 12V, brashi zake na ile swichi ya elektroniki ndani ya triga havikuombwa ruhusa. Kwa kazi nyepesi huenda ikaishi. Kwa kutoboa mninga kutwa, haitaishi.

La pili, ambalo ndilo kiini cha makala haya, ni ampea. Drili ndogo ikitoboa ubao huvuta ampea 10 hadi 20. Ikikwama yaweza kupita 30. Seli za 18650 zinafanana zote kwa umbo, milimita 18 kwa 65, lakini ndani zimegawanyika makundi mawili. Kuna za ujazo na kuna za nguvu. Samsung 35E ina mAh 3500 lakini imetengenezewa ampea 8 tu za mfululizo. Samsung 25R ina mAh 2500 na inatoa ampea 20. LG HG2 ina 3000 na inatoa 20. Kwa tochi au pawabanki chukua ya kwanza. Kwa drili, ile yenye mAh chache ndiyo bora, na hapa watu hawaelewi kwa nini wanalipa pesa zaidi kwa namba ndogo.

Kwa sababu hiyo hiyo, seli zilizotolewa kwenye betri za laptopu hazifai. Ziko nyingi, bei yake ni chai na mahamri, na fundi wa simu atakuambia zimepimwa na ziko sawa. Huenda ziko sawa, kwa laptopu. Zilizaliwa kutoa ampea mbili tatu polepole. Ukibana triga, volti zinaporomoka, bodi ya ulinzi inadhani betri imeisha na kuzima. Drili inashtuka mara moja na kunyamaza, na mwenyewe anaanza kuilaumu bodi.

Kisha kuna seli za uongo. Muuzaji anakuletea seli nyekundu au ya buluu imeandikwa 9900 mAh: "Chukua hii, fundi, hii ni elfu tisa mia tisa, haishi leo wala kesho." Hakuna 18650 duniani yenye ujazo huo. Zile bora za kawaida huishia 3500 au juu kidogo. Njia rahisi ya kumkagua ni mizani ya dukani ya kupimia viungo: seli halisi ya Li-ion ina gramu 45 hivi, na ya uongo mara nyingi ni nyepesi mno, wakati mwingine kuna seli ndogo zaidi ndani na nafasi iliyobaki imejazwa takataka. Seli nzito si lazima iwe nzuri, lakini nyepesi hakika ni mbaya.

La tatu ni bodi ya ulinzi, ambayo mafundi huiita BMS. Kazi yake ni kukata umeme seli yoyote ikivuka volti za juu, ikishuka mno, au kukitokea shoti. Usiache kuiweka, hata fundi akikuapia kwamba yeye huwa haweki. Chagua yenye kusawazisha seli, na ambayo muuzaji anasema ni ya drili, kwa sababu mota ikiwaka huvuta mkondo wa ghafla ambao bodi za kawaida huudhania ni shoti. Ampea zilizoandikwa juu ya bodi mara nyingi zimetiwa chumvi. Ukitaka 20 za kweli nunua iliyoandikwa 40. Ukimaliza kuiunga na drili isiwake, usiibandue kwa hasira. Bodi nyingi hulala mpaka ziguswe na chaja mara ya kwanza.

La nne, chaja. Ile ya zamani itupe. Itupe kweli, isibaki nyumbani na mdogo wako akaichomeka. Lithiamu inataka chaja inayoshikilia volti kamili na kupunguza mkondo kadiri betri inavyojaa: 12.6V kwa seli 3, 16.8V kwa seli 4, 21V kwa seli 5. Faida ya chaja hii kwa mji wetu ni kwamba kukatika kwa stima hakuichanganyi. Inasoma volti, haihesabu saa. Umeme ukirudi inaendelea ilipoachia.

Nafasi ndani ya kitako

Hapa kipimo kinashinda maneno. Kitako cha drili ya 12V ya zamani kwa kawaida kina seli zilizosimama tatu tatu, na moja au mbili juu zinazoingia ndani ya mpini. Seli tatu za milimita 23 ni milimita 69 kwa urefu. Seli ya 18650 ikilazwa ni 65. Inaingia. Kimo cha chumba ni 43 hivi, na safu mbili za seli zilizolazwa ni 36. Kwa hiyo seli 6 zinakaa, tatu chini tatu juu, na unabakiwa na milimita saba tu za bodi na waya. Pima bodi kwanza, kwa sababu nyingine ni nene kuliko hapo kwa ajili ya vipande vya kupoozea joto.

Kinachosahaulika ni ule mnara unaoingia kwenye mpini. Seli zilizokuwa humo ndizo zilizoshikilia vile vishikizo vya shaba juu. Ukizitoa, vishikizo vinalegea na drili inakatika katika. Kata kipande cha bomba la plastiki au ubao, ujaze nafasi hiyo, halafu pitisha waya mnene, si ule wa spika.

Seli ziunganishwe kwa ukanda wa nikeli na mashine ya kubandikia kwa cheche. Kulehemu moja kwa moja juu ya seli kunaipika. Na ukanda uwe nikeli tupu, si chuma kilichopakwa nikeli, maana chuma kinapitisha umeme kwa shida na kwa hewa yetu ya chumvi kinaota kutu. Kipimo chake tunacho mlangoni: kwaruza kipande kwa msasa, kitumbukize kwenye kikombe cha maji ya bahari, kiache mpaka kesho. Kikitoa rangi ya hudhurungi, mrudishie mwenyewe.

LiFePO4, na neno moja kuhusu LiPo

Kundi la John Goodenough huko Texas lilichapisha habari za LiFePO4 mwaka 1997. Goodenough mwenyewe alikuja kupata Nobeli ya kemia mwaka 2019 pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino kwa kazi ya betri za lithiamu. Kwa drili yetu ya 12V, hii ndiyo inayokaa kwenye volti sahihi kuliko zote: seli 4 ni 12.8V, zikijaa 14.6V, karibu sawa kabisa na NiCd 10. Inastahimili joto zaidi ya lithiamu ya kawaida, haina haraka ya kushika moto, na huchajiwa mara elfu moja hadi mbili pale Li-ion ya kawaida inapoanza kuchoka baada ya mara 300 hadi 500.

Kwa nini basi si kila mtu anayo? Ujazo. Seli 4 za 1.5 Ah zina Wh 19, hazijazidi NiCd uliyoitoa. Na kuzipata madukani hapa si rahisi; nyingi zinazouzwa ni zile kubwa za sola, ambazo haziingii mpinini. Bodi na chaja nazo lazima ziwe za LiFePO4, kwa sababu kikomo chake ni 3.65V kwa seli na si 4.2V. Ukichanganya, umeharibu. Kwa fundi mwenye subira ya kuagiza, na ambaye drili yake ya 12V anaipenda, mimi ningeiweka hii mbele ya Li-ion.

LiPo, zile za mfuko laini za droni na magari ya kuchezea, zinatoa ampea nyingi kuliko zote. Hazina ganda. Drili huanguka kutoka kwenye ngazi. Tuendelee.

Betri ya nje

Kuna njia isiyopendeza machoni lakini inayofanya kazi. Unatoa seli zote, unaacha kitako kitupu, unatoa waya mnene hadi betri ya 12V 7 Ah, ile ya UPS au ya king'ora. Wh 84, bei nafuu, inapatikana kila mahali, na drili ya 12V inazunguka kama mpya. Uzito wake ni kilo mbili na zaidi, kwa hiyo ni ya benchi au ya mkoba begani. Weka fyuzi ya ampea 30 karibu kabisa na betri, na waya usizidi mita moja na nusu, vinginevyo volti zinapotelea njiani. Seremala anayekaa mahali pamoja hahitaji zaidi ya hapo. Aliye juu ya ngazi asijaribu.

Kununua drili mpya

Kanuni yangu ni ya kiduka: jumlisha seli, bodi, chaja na ufundi. Jumla ikizidi nusu ya bei ya drili mpya ya lithiamu yenye betri mbili, nunua mpya, isipokuwa drili yako ni ya zile zenye gia za chuma ambazo huwezi kuzipata tena kwa bei hiyo.

Lakini ukienda kununua, usome lebo kwa jicho kali. 20V MAX ya DeWalt inayouzwa Marekani na 18V ya Ulaya ni seli 5 zile zile. Moja imehesabiwa ikiwa imejaa, nyingine ikiwa kazini. Bosch iliuza drili zake ndogo zikiitwa 10.8V, baadaye zikaitwa 12V, na betri zinaingiliana. Huo ni mchezo wa maneno usio na madhara. Madhara yako kwenye zile zilizoandikwa 48VF, 88VF au 128VF. Ukizifungua mara nyingi unakuta seli 5 za kawaida, yaani 18V. Baadhi zinafanya kazi vizuri kwa bei yake, sizidharau, ila unalipia 18V na ujue hivyo. Uliza pia kama betri yake inaingia kwenye umbo la Makita 18V, maana miongoni mwa drili za bei nafuu umbo hilo limeenea, na kesho kutwa betri ikifa utapata nyingine bila kuagiza.

Na kuna swali la kujiuliza kabla ya yote haya: unatoboa nini? Kuta za nyumba za zamani za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, laini. Hata drili ndogo inaingia, tatizo ni plagi kukosa kushika. Zege la fleti za Nyali na Bamburi ni habari nyingine. Fundi wa AC anayetoboa boriti siku nzima hana haja ya betri bora, ana haja ya drili ya nyundo ya waya na ekstensheni nzuri. Hakuna seli za kuongeza kwenye drili ya 12V zitakazoigeuza kuwa hiyo.

Nani achukue nini

Mwenye drili ya 14.4V au 18V yenye mota nzima: Li-ion, seli za nguvu, bodi ya drili, chaja yake. Sina shaka hapo. Mwenye ya 12V: LiFePO4 kama ana subira ya kuagiza, NiMH kama chaja yake inazima yenyewe, Li-ion seli 6 kama anataka ikae na chaji na haoni shida drili ikipoteza kasi kidogo. Mwenye drili ya plastiki tupu aliyopewa kama zawadi na sanduku la biti: asiitie hata shilingi.

Ukishahamia lithiamu, joto la hapa litakudai heshima. Watengenezaji wengi wanataka seli isichajiwe ikiwa imepita nyuzi 45. Wakati wa kaskazi, betri iliyotoka kufanya kazi juu ya dari ya mabati imeshafika hapo au karibu. Iache ipoe kivulini kabla ya kuichomeka. Usiiache kwenye buti la gari lililoegeshwa juani ukisubiri feri Likoni. Kama haitumiki kwa wiki kadhaa, ihifadhi ikiwa nusu, si imejaa na si tupu. Ichaji juu ya sakafu ya vigae ukiwa macho, mbali na godoro. Na futa vishikizo vya shaba kwa kitambaa kikavu mara kwa mara, kwa sababu ukungu wa chumvi huko ndani humeza volti kimya kimya na watu wakadhani seli zimechoka.

Ndugu akikuletea betri kutoka Dubai, mwambie aiweke kwenye mkoba wa mkononi, vishikizo vikiwa vimezibwa kwa selotepu. Mashirika ya ndege hayaruhusu lithiamu ya akiba kwenye mzigo wa chini. Hadi Wh 100 haihitaji idhini. Betri ya 18V 5 Ah ni Wh 90, inapita. Ya 18V 6 Ah ni Wh 108, hiyo aombe ruhusa ya shirika kabla ya kufika uwanjani.

Zile NiCd ulizozitoa zisiende jaani wala motoni pamoja na takataka za nyumba. Zifunge kwenye chupa kavu ya plastiki na umpelekee mkusanyaji wa taka za elektroniki mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, si muuza vyuma chakavu anayezipasua kwa nyundo kutafuta nikeli.